Bustani ya burudani isinunue rekodi, inunue reli itakayodumu

WAFANYABIASHARA wanaotoka Tunduma kufuata bidhaa Johannesburg, na wale waliowahi kuishi huko bondeni na sasa wamerudi nyumbani, wengi wao wanaijua Gold Reef City japo kwa kuiona wakiwa barabarani. Ni bustani ya burudani iliyofunguliwa mwaka 1987 kusini mwa katikati ya jiji, katika eneo la mgodi wa zamani wa dhahabu wa Crown Mines. Kinachovuta macho ni reli zake zilizopinda na kujikunja angani, ambako watu hupanda vigari na kupiga mayowe kwa hiari yao, tena baada ya kulipa kiingilio.

Reli hizo ndizo zinazoitwa rola kosta. Kwa asiyezifahamu, mambo yake si ya ajabu sana. Vigari vilivyoungwa kama mabehewa huvutwa na mnyororo hadi kileleni, kisha huachiwa. Kuanzia hapo hakuna injini. Mwendo unaopatikana katika mteremko wa kwanza ndio unaolipia vilima na vitanzi vyote vinavyofuata, na ndiyo maana kilima cha kwanza huwa kirefu kuliko vingine.

Sasa bustani ikipata fedha za kujenga rola kosta moja mpya, ichague ipi? Vijana wengi niliowauliza hawakufikiri mara mbili: walitaka ndefu kuliko zote na yenye kasi kuliko zote. Mimi naona jibu hilo linaweza kuifilisi bustani. Rola kosta ichaguliwe kama mfanyabiashara makini anavyochagua lori. Hutazama vipuri, hutazama mzigo litakaobeba kwa siku, na hutazama barabara litakayopita. Mbio za lori huja baadaye.

Tuanze na rekodi. Mwaka 2005 bustani ya Six Flags Great Adventure, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ilifungua Kingda Ka. Mnara wake ulikuwa na mita 139, na badala ya mnyororo ilitumia mitambo ya haidroliki iliyovuta vigari kwa kamba za chuma hadi kilomita 206 kwa saa katika sekunde chache tu. Dunia nzima ilishangaa.

Mwaka 2010 kasi hiyo ilipitwa na Formula Rossa ya Ferrari World huko Abu Dhabi, inayofika kilomita 240 kwa saa, ambako abiria wa mbele huvaa miwani ya kujikinga na mchanga na wadudu. Mwishoni mwa 2025 ikaja Falcon's Flight ya Saudi Arabia yenye kilomita 250 kwa saa. Je, Kingda Ka iko wapi? Mnara wake uliangushwa kwa baruti Februari 28, 2025, kabla haijatimiza miaka 20, na ilifungwa ikiwa bado ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Ilikuwa imejijengea sifa ya kusimama mara kwa mara, leo hitilafu, kesho upepo. Mteja aliyesafiri siku nzima akakuta mlango umefungwa hafarijiki kwa kuambiwa kwamba mnara ule una rekodi.

Jambo la pili ni vipuri. Mwaka 1999 Gold Reef City ilifungua Anaconda, ambayo viti vyake vinaning'inia chini ya reli na miguu ya abiria inaelea hewani. Ilitengenezwa na Giovanola, kampuni ya Uswisi yenye ujuzi mkubwa wa chuma. Haikupita miaka mingi, kampuni hiyo ikafilisika. Kila aliyewahi kumiliki gari ambalo kiwanda chake kimekufa anajua maana yake. Gari linaweza kuendelea kutembea, lakini mwenye gari lazima awe na fundi hodari wa kuchonga kile ambacho hakiuzwi tena.

Mwaka 1998, mwaka mmoja kabla ya hapo, bustani ya Ratanga Junction ya Cape Town ilikuwa imefunguliwa ikiwa na Cobra, nayo ni ya kuning'inia, iliyotengenezwa na Vekoma ya Uholanzi. Hii ilikuwa ya aina iliyouzwa kwa bustani nyingi duniani, hivyo vipuri na uzoefu wa mafundi havikuwa vya kutafuta kwa tochi. Hata hivyo Ratanga ilifungwa mwaka 2018. Bustani ilikuwa ndani ya Century City, eneo lililokuwa linajaa maduka, ofisi na nyumba, na ardhi ile ikawa na kazi nyingine. Funzo lake ni kwamba kabla ya kuuliza bei ya reli, mwenye bustani aulize kwanza ardhi ni ya nani na itakuwa yake hadi lini.

Tatu ni mzigo. Chukua mfano wa treni yenye viti 24. Ikiondoka kila baada ya dakika mbili, kwa saa moja inabeba watu 720. Ikiwa treni ni moja tu na inahitaji dakika nne kuzunguka, kushusha na kupakia, wanaobebwa ni 360. Foleni inakuwa ndefu maradufu, na mtu aliyesimama kwenye foleni hanunui soda wala chipsi. Aidha, rola kosta za kutisha hukataa watoto wasiofikia kimo kilichowekwa. Baba akija na watoto wanne, wawili wakarudishwa mlangoni, familia nzima imeharibikiwa siku.

Wapo watakaosema basi inunuliwe iliyotumika. Sisi tuliovalishwa na kusomeshwa kwa biashara ya mtumba hatuna sababu ya kucheka. Golden Loop ya Gold Reef City ni ya aina hiyo. Ilianza kazi mwaka 1977 katika bustani ya Carowinds nchini Marekani ikiitwa White Lightnin', ikakaa huko hadi 1988, kisha ikapelekwa Johannesburg. Ni kitanzi kimoja tu, ambacho abiria hukipita kwenda mbele kisha hukipita tena kurudi kinyumenyume. Iliyotunzwa vizuri na kukaguliwa na wataalamu inaweza kufaa kuliko mpya ya majaribio.

Lakini kwangu mimi swali zito kuliko yote ni la mahali. Mwaka 2001 Gold Reef City ilifungua Tower of Terror, ambayo kigari chake kilibuniwa kuporomoka wima hadi kuzama ndani ya shimo la mgodi. Hakuna bustani nyingine inayoweza kuinakili kirahisi, maana huwezi kuagiza historia ya mgodi kwenye kontena. Kibiashara ni wazo la akili.

Hata hivyo, mzee mmoja wa Rungwe, ambaye baba yake alikwenda Wenela, yaani kwenye machimbo ya Afrika Kusini kupitia shirika la kuajiri vibarua, aliniuliza swali nilipomsimulia habari hizo. Alitaka kujua kama wanaoshuka humo kwa kucheka huambiwa ni akina nani walioshuka humo kwa kutafuta kodi. Vibarua hao walitoka Msumbiji, Nyasaland, Basutoland na hata kusini mwa Tanganyika, hadi serikali ilipositisha uajiri huo miaka ya mwanzo ya uhuru. Wengine hawakurudi.

Sisemi bustani ifungwe kwa sababu hiyo. Ipo pia ziara ya chini ya ardhi katika shimo namba 14 ambayo humweleza mgeni kazi ya mgodi, na Jumba la Makumbusho la Ubaguzi wa Rangi, lililofunguliwa mwaka 2001, liko jirani kabisa.

Kwa hiyo kama ningeulizwa ijengwe ipi, ningechagua rola kosta ya wastani ya familia. Ivutwe kwa mnyororo, iwe na treni mbili, ikubali watoto wa shule ya msingi, itoke kwa mtengenezaji aliye hai mwenye reli kama hiyo katika nchi nyingine, na ipite katikati ya majengo ya zamani ya mgodi. Kwenye ukuta wa foleni ningeandika majina ya wilaya walikotoka wachimbaji, Rungwe ikiwamo. Anayesubiri dakika 40 ana muda wa kutosha kusoma, na mjukuu wa mtu wa Wenela anaweza kulikuta jina la kwao kabla hajafunga mkanda.