Sarafu za mtandao: soma hapa kabla hujamtumia kijana fedha za korosho

Msimu wa korosho na ufuta ukimalizika, simu nyingi hupigwa kutoka Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju kwenda Mkuranga, Kibiti na Rufiji. Zamani kijana aliye Dar es Salaam aliomba mtaji wa genge au wa bodaboda. Siku hizi maombi yamebadilika: "Mzee, kuna mchongo wa sarafu za mtandao. Tuweke hata laki tano, itazaa."

Mzazi anabaki njia panda. Akikataa, anaogopa kumnyima mtoto bahati. Akikubali, anatoa fedha za ada, mbolea na dawa ya kupulizia mikorosho kwa kitu asichokijua. Makala hii ni kwa ajili ya huyo mzazi, na pia kwa kijana mwenyewe, kwa sababu hata kwenye vijiwe vya Temeke na Kinondoni wanaozijua sarafu hizi siku nyingi hawakubaliani.

Ukiwasikiliza utakuta makundi matatu. Wa kwanza wanasema fedha iko kwenye kuchimba. Wa pili wanasema iko kwenye kununua na kuuza. Wa tatu wanasema hizi ndizo fedha za kesho, anayeingia leo atakuwa amewahi. Tuwachukue mmoja mmoja, lakini kwanza tujue tunazungumzia nini.

Sarafu ya mtandao si M-Pesa

Wengi wanachanganya hapa. Fedha iliyo kwenye M-Pesa, Airtel Money au HaloPesa ni shilingi ya Tanzania. Ukiwa na shilingi 50,000 kwenye simu, kampuni inatakiwa kuwa na shilingi 50,000 halisi benki, kwenye akaunti maalumu ya udhamini. Benki Kuu ya Tanzania inasimamia jambo hilo chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015. Ukipata tatizo, kuna kampuni ya kupigia na kuna mamlaka ya kushtakia.

Bitcoin, ambayo ndiyo sarafu ya mtandao ya kwanza, haiko hivyo. Maelezo yake yaliandikwa mwaka 2008 na mtu au watu waliojiita Satoshi Nakamoto, na ikaanza kufanya kazi Januari 2009. Haina benki, haina ofisi, haina mwenyewe. Ni kama daftari la kikundi cha vicoba, ila nakala zake ziko kwenye maelfu ya kompyuta duniani. Kila mtu akimtumia mwenzake, nakala zote zinaandikwa. Hakuna katibu anayeweza kufuta mstari usiku.

Hiyo ndiyo sifa yake, na hatari yake iko hapo hapo. Ukikosea namba ya kutumia, hakuna wa kuirudisha. Ukimpa mtu maneno yako ya siri akazihamisha, hakuna wa kumpigia.

Wanaosema tuchimbe

Kuchimba Bitcoin hakuna sururu wala karasha. Ni kompyuta maalumu zinazoshindana kufumbua fumbo la hesabu ili kuongeza ukurasa mpya kwenye lile daftari. Kila baada ya dakika 10 hivi, mmoja anashinda na kulipwa sarafu mpya. Mwanzo mshindi alipata Bitcoin 50. Malipo hayo hupungua nusu kila baada ya miaka minne hivi, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Zote zikimalizika kutolewa hazitazidi milioni 21.

Sasa tupige hesabu ya umeme. Mashine moja ya kuchimba ya aina iliyoenea hula wati 3,250 mfululizo, usiku na mchana. Hizo ni yuniti 78 kwa siku. Mteja mdogo wa TANESCO anayepata umeme wa bei nafuu hatakiwi kuzidi yuniti 75 kwa mwezi mzima. Yaani mashine moja kwa siku moja inamaliza zaidi ya kiwango cha mwezi cha nyumba ya kijijini. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa yuniti, ni zaidi ya shilingi 27,000 za luku kila siku, zaidi ya laki nane kwa mwezi. Hapo bado hujanunua mashine, na hujui kama utashinda fumbo hata moja.

Ndiyo maana wachimbaji wa kweli hufuata umeme wa bei ya chini. Jirani zetu wa Kongo wana mfano: Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilianza mwaka 2020 kuchimba Bitcoin huko Luviro kwa umeme wa maji unaozalishwa na hifadhi yenyewe. Wao wana mto na mtambo wao. Kijana wa chumba cha kupanga Mbagala hana mto.

Basi anayekwambia anachimba kwa simu anafanya nini? Mara nyingi anabonyeza kioo. Mwaka 2024 vijana wengi walibonyeza Notcoin, kisha Hamster Kombat, wakaitana kwenye magrupu kwamba wanachimba. Walichokuwa wanakusanya ni pointi za mchezo. Sarafu ya Hamster Kombat ilitolewa Septemba 2024, na wengi waliokesha miezi kadhaa waliambulia kiasi kidogo mno. Mchezo wenyewe ulikuwa bure, hasara yao ikawa bando na usingizi. Hatari inaanza pale programu inapokwambia ulipe ili "mashine" yako ichimbe zaidi.

Wanaosema tununue na tuuze

Kundi la pili linawacheka wachimbaji. Wao hununua sarafu iliyopo, wanasubiri bei ipande, wanauza. Biashara hii hufanyika kwa simu, mtu na mtu. Muuzaji anatangaza sarafu kwenye soko la mtandaoni, mnunuzi anachagua, soko linaizuia ile sarafu kwa muda, mnunuzi anatuma shilingi kwa M-Pesa au benki, muuzaji akithibitisha kupokea, sarafu inaachiwa.

Faida ipo, na si uongo kwamba wapo waliopata. Lakini sikiliza hesabu hii. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwishoni mwa mwaka 2022 ilikuwa chini ya dola 17,000. Aliyeweka milioni moja pale juu alibaki na takriban laki mbili na nusu. Desemba 2024 bei ikavuka dola 100,000, hivyo aliyevumilia bila kuuza, ukihesabu kwa dola, alifika milioni moja na laki nne hivi.

Swali kwako ni hili: fedha hiyo ya korosho ingeweza kusubiri miaka mitatu? Mbolea ingesubiri? Ada ya kidato cha kwanza ingesubiri? Anayeuza kwa sababu mtoto amerudishwa nyumbani hachagui siku ya kuuza. Anauza kwa bei atakayoikuta.

Kuna pia sarafu zinazofungwa kwenye dola ya Marekani, kama USDT ya kampuni ya Tether. Moja hukusudiwa kuwa na thamani ya dola moja, kwa hiyo haipandi na kushuka kama Bitcoin. Zinawavutia wanaotuma malipo nje ya nchi, hasa pale dola zinapoadimika benki. Anayekuahidi USDT yako "itazaa" mara mbili kwa mwezi, muulize: kitu kilichotengenezwa kisipande bei kinazaaje?

Wauzaji wazoefu wanaujua pia mtego wa ujumbe feki. Tapeli anatuma meseji iliyoandikwa kama ya M-Pesa, muuzaji anaachia sarafu kabla ya kuangalia salio. Angalia salio lako, usiangalie meseji. Na usikubali mtu akuambie mmalizane WhatsApp nje ya soko.

Wanaosema ni fedha za kesho

Kundi la tatu linazungumzia nchi inakoelekea. Hoja zao zina msingi, ila zisikilizwe hadi mwisho.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwamba sarafu hizi hazitambuliwi, na kwamba fedha halali nchini ni shilingi peke yake. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan, akifungua jengo la tawi la Benki Kuu jijini Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa na mabadiliko hayo. Januari 2023 Benki Kuu ilieleza kwamba suala la sarafu ya kidijitali ya Benki Kuu yenyewe inaliendea kwa hatua na kwa tahadhari. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaleta kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya kuhamisha mali za kidijitali.

Hapo vijiweni ndipo ubishi unapowaka. "Serikali imeshatoza kodi, maana yake imeruhusu!" Hapana, tusiende haraka. Kodi si leseni. Sheria ile ya kodi haikusema kwamba Bitcoin imekuwa fedha halali, na haikuweka mfuko wa kukufidia ukiibiwa. Wenzetu wa Kenya walikwenda hatua nyingine: Oktoba 2025 Rais William Ruto alitia saini sheria ya kuwapa leseni na kuwasimamia watoa huduma za mali hizi. Huko kampuni ina mlango wa kugongwa. Wewe wa Kibiti uliyetuma fedha kwa mtu wa grupu la Telegram, mlango wako uko wapi?

Na hata kama sarafu za mtandao ndizo fedha za kesho, bado haina maana kwamba kampuni iliyokufuata leo ni ya kesho.

Matapeli hupita katikati ya ubishi

Wakati hao watatu wanabishana, anapita wa nne ambaye hana sarafu yoyote. Yeye ana maneno tu: kuchimba, kuwekeza, fedha za kesho.

Wakazi wa Dar es Salaam walishamwona kabla hata ya Bitcoin kuvuma. DECI, iliyokuwa na makao Mabibo Mwisho, ilipokea fedha za watu kuanzia mwaka 2007 kwa lugha ya "kupanda mbegu" na "kuvuna". Waliovuna mapema walilipwa kwa mbegu za waliochelewa. Serikali iliizuia mwaka 2009, viongozi wake wakashtakiwa kwa kuendesha upatu, na watu wengi hawakuvuna tena.

Uganda walimwona akiwa amevaa nguo za sarafu ya mtandao. OneCoin iliuzwa hadi vijijini, na wapo wakulima waliotoa akiba zao. Haikuwa na lile daftari la wazi nililolieleza hapo juu. Bei ilikuwa namba iliyoandikwa na kampuni yenyewe. Mwanzilishi wake, Ruja Ignatova, alitoweka Oktoba 2017, na mwaka 2022 FBI ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya watu kumi wanaotafutwa zaidi. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa miaka 20 jela mwaka 2023. Mkulima wa Uganda hakurudishiwa shamba kwa hukumu hiyo.

Swali moja, na mengine madogo

Kijana akipiga simu, usimgombeze. Huenda na yeye ameaminishwa. Muulize taratibu: "Shilingi za kunilipa mimi zitatoka wapi, na kwa nani?"

Akijibu kwamba zitatoka kwa mtu atakayenunua sarafu yako kwa bei ya siku hiyo, huo ni ukweli, na maana yake unaweza kupata au kukosa. Akijibu kwamba zitatoka kampuni, kila siku, kwa kiwango kilekile, hata soko likishuka, huo ni upatu. Akijibu kwamba utalipwa zaidi ukileta watu watatu, usiendelee kusikiliza.

Kisha ongeza haya. Naweza kutoa fedha yangu yote leo, bila kulipia kwanza "ada ya kutolea"? Maneno ya siri ya hiyo akaunti ninayo mimi, au anayo aliyenisajili? Nikipoteza yote, shamba litalimwa mwakani?

Swali hilo la mwisho ndilo la kukaa nalo kikao cha nyumba, mama akiwepo. Anayetaka kujaribu atumie fedha ambayo hata ikipotea chakula kitaiva na mtoto atabaki shule. Asikope benki au kwenye kikundi, na asiuze mikorosho iliyo shambani.

Ukipokea ujumbe wa kitapeli kwenye simu, utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Kama fedha imeshakwenda, mpigie mara moja mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na meseji zote. Usizifute kwa aibu. Wako wengi waliolizwa kwa njia hiyohiyo, na kila anayenyamaza anampa tapeli nafasi ya kwenda kugonga kwa jirani.