Lisha simbilisi kwa bei nafuu bila kuhatarisha afya nyumbani

Mama mmoja kutoka Sirisia, Kaunti ya Bungoma, alimleta mwanawe kutibiwa kikohozi. Kabla ya kuondoka aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Simbilisi wake, waliokuwa wakizaana vizuri, walikuwa wameanza kuchechemea na kuharibu mimba. Chakula cha dukani kilipopanda bei, alianza kuwapa pumba za mahindi peke yake. Je, pumba hizo zilikuwa na ugonjwa?

Nilimjibu kwamba huenda pumba hazikuwa na ugonjwa, bali upungufu. Kwa kuwa wasomaji wengi wa mijini nao hufuga simbilisi nyuma ya nyumba ili kupata kitoweo na pesa kidogo, ni vyema tulieleze jambo hili.

Panya anaweza, simbilisi hawezi

Wanyama wengi, panya akiwamo, hujitengenezea vitamini C katika ini. Ndiyo sababu panya wa ghalani hula mahindi makavu siku nenda siku rudi na asipatwe na kiseyeye. Simbilisi hana uwezo huo. Binadamu pia hana.

Mwaka 1907 huko Norway, watafiti Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka pekee. Wanyama hao walipatwa na kiseyeye, ugonjwa uliowaua mabaharia wengi wa zamani: ufizi kuvuja damu, viungo kuvimba na mifupa kudhoofika. Walipoongezewa kabichi au maji ya limau, ugonjwa ulizuilika.

Simbilisi mwenye uzito wa kilo moja huhitaji miligramu 10 hadi 20 za vitamini C kwa siku. Mwenye mimba huhitaji karibu 30, na mimba yenyewe huchukua takriban miezi miwili. Kiasi hicho hakihitaji dawa. Jani moja au mawili mabichi ya sukuma wiki yanatosha.

Hata chakula cha sungura cha dukani hakimwokoi. Sungura hujitengenezea vitamini hiyo, kwa hivyo kwa kawaida haiongezwi katika chakula chake. Chakula cha kuku nacho huenda kimetiwa dawa zinazoweza kudhuru wanyama wa aina nyingine.

Cha kuwapa

Msingi wa chakula cha simbilisi ni nyasi, ziwe mbichi au kavu, nao wazipate mchana na usiku. Meno yao hukua maisha yote, na kutafuna nyasi ndiko huyapunguza. Huko Sirisia, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, nyasi na majani ya viazi vitamu hupatikana kwa urahisi. Mjini, zungumza na wauza mboga sokoni wakuwekee majani ya nje ya kabichi, majani ya karoti na sukuma wiki iliyokomaa. Yaoshe kwanza. Kabichi iwe kidogo, kwani ikizidi huwajaza gesi.

Pumba zitumike kama nyongeza tu, konzi ndogo kwa mnyama mmoja. Unapobadilisha chakula, fanya hivyo polepole kwa muda wa wiki moja, la sivyo wataharisha. Maji safi yawepo daima.

Usiwape majani ya nyanya, majani ya viazi mbatata, vitunguu, wala majani au maganda ya parachichi. Epuka pia mboga iliyonyunyiziwa dawa juzijuzi na nyasi zilizomea kando ya mtaro wa maji taka.

Mahindi yaliyooza si chakula cha yeyote

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wawe makini zaidi. Katika nyumba nyingi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, mahindi yaliyoota kuvu hutengwa na kupewa wanyama. Watu hudhani wameokoa hasara.

Kuvu fulani hutoa sumu iitwayo aflatoksini, inayoharibu ini na inayoweza kuleta saratani ya ini. Sumu hii ilijulikana baada ya mwaka 1960, wakati batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa chakula chenye njugu zilizoingia kuvu. Hapa Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao katika sehemu za Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo.

Kupika hakuiondoi. Ng'ombe akila mahindi hayo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa yanayonywewa na watoto. Kwa hiyo mahindi yaliyooza yasipewe simbilisi, kuku wala ng'ombe. Yatupwe mahali ambapo mifugo haifiki.

Ili kujua kama mahindi yamekauka, chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi cha theluthi moja na chumvi kavu vijiko vichache. Funga, tikisa kwa dakika chache kisha uache itulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi mno kuwekwa ghalani. Yarudishe juani.

Usafi wa banda

Simbilisi wasifugwe jikoni wala chumba cha kulala. Mabaki ya chakula huwavuta panya wa mwituni, na mkojo wao huweza kueneza maradhi. Ondoa mabaki kila jioni na ufunike gunia la pumba. Watoto wanaowalisha wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani kinyesi cha wanyama hawa huweza kubeba viini vya kuhara.

Jiangalie nawe

Yule mama alianza kuwakatia majani ya viazi vitamu na sukuma wiki kila asubuhi. Nilimwuliza mtoto alikula nini jana. Alikuwa amekula ugali na chai ya rangi, mchana na jioni. Mboga walipelekewa wanunuzi sokoni.

Mwili wa mtoto huyo hauwezi kujitengenezea vitamini C, sawasawa na ule wa simbilisi. Kwa hivyo unapochuma majani ya mifugo, chuma na ya watoto. Yapike kwa muda mfupi, kwani moto mwingi huharibu vitamini hiyo. Msimu wa mapera na machungwa ukifika, wape watoto kwanza kabla hujajaza kikapu cha kupeleka sokoni.