Nani Kampenda Nani?

Mwanafunzi wa sekondari Kahama anayejifunza Kiingereza hukutana na msururu wa maneno ya mapenzi: love, affection, devotion, passion, infatuation. Kila neno lina kipimo chake, na akirudi nyumbani kwenye "kupenda" moja anaona lugha yake imepungukiwa. Fikra hiyo si sahihi, na inafaa kueleza kwa nini.

Mengi ya maneno hayo si ya Waingereza wenyewe. Love ni la nyumbani. Affection na passion yaliletwa na Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, na infatuation limetoka Kilatini, kwenye mzizi wenye maana ya upumbavu. Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. Kupenda ni letu, la Kibantu; huba, mahaba, ashiki na laazizi yamekuja na Kiarabu. Pwani yakapata makao katika mashairi na taarabu. Huku Shinyanga, kijana akisema "mahaba" sokoni, watu watadhani anaimba.

Utajiri wetu mkubwa haumo katika nomino hata hivyo. Umo katika kitenzi. Kiingereza kwa maneno yake mengi hupima moto wa penzi; Kiswahili kwa viambishi vyake husema penzi limetoka kwa nani, limeelekea wapi na kwa sababu gani. Mtu hupenda, hupendwa, hupendana na mwenzake. Bosi hupendelea, mfanyakazi hujipendekeza, nguo hupendeza. Mtangazaji wa redio huwaita "wapenzi wasikilizaji" watu asiowajua, na katika makanisa ya Kipentekoste ya Kahama na Geita "mpendwa" ni muumini mwenzako. Msibani tunasema ni mapenzi ya Mungu, na hapo neno limerudi kwenye maana yake nyingine, ya kutaka, kama tunaposema "ukipenda, njoo".

Kisukuma, lugha ya huku, nacho kina neno lake. Nakutogilwe, nakupenda, limejengwa kwa kiambishi cha hali timilifu, hali ile ambayo Kiswahili huionyesha katika "amelala" au "nimeridhika". Msemaji hasemi kwamba anafanya jambo. Anasema jambo limekwisha kumfika na bado limo ndani yake. Naliona kuwa mojawapo ya maumbo mazuri kuliko yote niyajuayo ya kutamka pendo.

Sasa twende machimboni. Mgodi mkubwa wa sasa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na wa Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni mwa migodi hiyo, Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu, wachimbaji wadogo wamekuja kutoka mikoa mingi, wengi wao wakiacha familia nyuma. Huko kauli inayotawala ni ya kutendea: "Amempendea nini?" Irabu moja tu imeongezwa, na tayari tunatafuta sababu iliyo nje ya mtu mwenyewe: fedha, duara (shimo la dhahabu) linalotoa, pikipiki. Swali hilo karibu kila mara huulizwa juu ya mwanamke. Mwenye duara akimchukua mama anayepika na kuuza chakula, mwenye kipato chake na akiba yake, husikii watu wakiuliza mwanamume huyo kampendea nini. Viambishi havina upendeleo. Upendeleo ni wetu tunaovitumia.

Kauli inayonitia wasiwasi zaidi ni ya kutendwa. "Binti amependwa." Maana yake posa imeletwa na mazungumzo ya ng'ombe yanaweza kuanza. Tazama sentensi hiyo vizuri: binti ndiye kiima, yuko mbele kabisa, lakini hafanyi lolote. Aliyempenda hatajwi. Moyo wa binti nao haumo. Mazungumzo ya familia nzima yanaweza kuendelea hadi mwisho kwa sarufi hiyo bila mtu kugundua kwamba kuna swali halijaulizwa.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 59 ya wanawake wa Shinyanga wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kufikisha 18. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa pana, kabla ya mikoa ya Simiyu na Geita kuundwa mwaka 2012. Sisemi sarufi ndiyo iliyowaoza. Umaskini, mahari na shule zilizo mbali vina uzito wake. Lakini neno linalomficha mtu hurahisisha kumsahau.

Hata desturi ya Kisukuma ya chagulaga, ambayo jina lake lina maana ya "chagua", ina kasoro hiyo. Vijana humzunguka msichana na kumtaka achague mmoja wao. Kitenzi ni chake, ila kipo katika amri, na kuwakataa wote hakumo miongoni mwa machaguo aliyopewa.

Swali hilo la ridhaa limo pia katika sheria. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai, katika kifungu cha 16, ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana. Sheria hiyo hiyo, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga vifungu hivyo viwili mahakamani. Mahakama Kuu ilivitangaza kuwa kinyume cha Katiba mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo mwaka 2019.

Nina ombi kwa walimu wa Kiswahili wa ukanda huu. Tunapofundisha kauli za kitenzi, mfano wetu wa kila mwaka ni piga: pigia, pigwa, pigana. Tuweke penda mahali pake. Waandikieni wanafunzi ubaoni "Binti amependwa", waambieni wataje mtenda, kisha waigeuze sentensi iwe ya kutendana na waeleze ni habari gani wanayohitaji kuipata kwanza, na kutoka kwa nani, ndipo waiandike kwa haki.