Bangili za sumaku: Mjasiriamali ajue nini kabla ya kuweka mtaji

KUVAA bangili ya shanga kwa mkono mmoja si kazi rahisi. Yenye kamba humlazimu mvaaji atumie meno au amwite mtoto amsaidie kufunga. Yenye mpira huvutika, na baada ya muda hulegea. Ndiyo maana bangili zinazojifunga kwa sumaku zimepata wapenzi: ncha zake mbili zikisogezwa karibu, hunasana zenyewe.

Kwa wakazi wa Manyovu, katika Wilaya ya Buhigwe iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012, bangili za aina hii zinaweza kuwa kazi ya kiangazi. Kati ya Juni na Septemba mvua huwa zimekatika na kazi za shamba hupungua. Malighafi nyingi zipo hapo hapo: punje za kahawa zinazotobolewa kwa sindano, pembe za ng'ombe, vipande vya mbao na nyuzi za mgomba. Barabara ya lami ya Mwandiga-Manyovu inafika Kigoma mjini, na ng'ambo ya mpaka ni Burundi.

Kitu kimoja tu ndicho cha kuagiza kutoka mbali, nacho ni sumaku. Hicho kimoja ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama na karibu hatari yote ya biashara hii.

Sumaku ya namna gani?

Sumaku zinazopatikana kwa urahisi ni za aina mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi inayotolewa kwenye spika za redio mbovu. Ni ya bei nafuu, lakini nguvu yake ni ndogo kwa ukubwa wake, hivyo haifai kwa pambo jepesi. Ya pili ni ndogo, inayong'aa kama fedha, iliyotengenezwa kwa chuma, boroni na madini adimu ya neodimi. Ilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na watafiti wa Japan na Marekani. Punje yake yenye ukubwa wa dengu inatosha kufunga bangili.

Nyingi ya sumaku hizi hutoka China. Tanzania nayo ina hazina ya madini hayo katika eneo la Ngualla mkoani Songwe, ambako Serikali na mwekezaji walitia saini makubaliano ya uchimbaji mwaka 2023. Hata hivyo, kuwa na madini ardhini si sawa na kuwa na kiwanda cha sumaku, hivyo fundi wa bangili bado anategemea za kuagiza.

Usanifu unaanzia kwenye kifungio

Kosa la kwanza la mafundi wengi wapya ni kufikiria rangi za shanga kabla ya kifungio. Kila sumaku ina ncha mbili, na ncha zinazofanana husukumana. Fundi akigandisha sumaku bila kuzipima, bangili itakataa kufunga na gundi itakuwa imekwisha kukauka. Dawa yake ni rahisi: ziache sumaku mbili zinasane zenyewe, kisha weka alama ya kalamu kwenye pande za nje. Pande zenye alama ndizo zinazoingia kwenye gundi.

Jambo la pili ni kuteleza. Sumaku huwa ngumu kuachana zikivutwa moja kwa moja, lakini zikisukumwa kwa ubavu huachana kwa nguvu ndogo tu. Mkono unaochota maji au kupanga mafungu ya ndizi husukuma kwa ubavu kutwa nzima. Kwa hiyo, kifungio kizuri hutengenezwa kama kikombe na kizibo: sumaku moja hukaa ndani ya kishimo kwenye pembe au mbao, na ya pili hutokeza kidogo ili iingie humo. Kingo za kishimo huzuia kuteleza.

Tatu ni kipimo. Kifundo cha mkono hupimwa kwa futi kamba, kisha huongezwa sentimita moja au mbili. Bangili ikibana, kila mkono unapokunjwa kifungio huvutwa. Ikilegea sana, hunasa kwenye vitu.

Nne ni joto na jasho. Sumaku hizi za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipata joto la zaidi ya nyuzi 80 za Sentigredi, hivyo hazichomelewi kwa moto wala kukaushwa jikoni. Ganda lake la nikeli likipasuka, hushika kutu haraka. Afadhali ifunikwe yote kwa gundi ngumu, jambo ambalo pia humlinda mteja ambaye ngozi yake huwashwa na nikeli.

Kabla ya kuuza, bangili ijaribiwe. Ifungwe, ining'inizwe, na chini yake ifungwe chupa ya maji ya nusu lita kwa dakika chache. Ikiachia, irudi mezani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kizuri kilichodondoka sokoni siku ya pili hakimrudishi mteja.

Hesabu isiyodanganya

Tuchukue mfano wa bangili moja: jozi ya sumaku pamoja na usafirishaji Sh1,500, shanga Sh1,000, uzi na gundi Sh300, mfuko Sh200. Jumla ya vifaa ni Sh3,000. Wengi huishia hapo, wakauza Sh4,000 na kujihesabia faida ya Sh1,000.

Wamesahau mambo mawili. Fundi anayetengeneza bangili sita kwa siku, wakati kibarua cha shamba kingemlipa Sh6,000, ametumia nguvu kazi ya Sh1,000 kwa kila bangili. Pili, sumaku hizi huvunjika zikigongana. Ikiharibika bangili moja katika kila kumi, gharama ya zote kumi, Sh40,000, inapaswa kurudishwa na zile tisa. Kila moja imegharimu takriban Sh4,450.

Anayeuza kwa Sh4,000 atapata Sh36,000 kwa bangili tisa. Akitoa vifaa vya Sh30,000, anabakiwa na Sh6,000 kwa kazi iliyostahili Sh10,000. Kwa maneno mengine, amelipwa chini ya kibarua. Akiuza jumla kwa Sh5,500 anapata Sh49,500, na faida yake halisi ni Sh9,500.

Bei za sokoni zitatofautiana na mfano huu, lakini njia ya kukokotoa ni ile ile. Akibadili shanga za dukani kwa punje za kahawa au pembe, hupunguza gharama na kupata pambo lisilofanana na la mwingine.

Pambo, si dawa

Mitaani, bangili za sumaku huuzwa pia kama tiba ya maumivu ya viungo na shinikizo la damu. Uchambuzi wa tafiti mbalimbali uliochapishwa na jarida la madaktari la Canada mwaka 2007 haukuunga mkono matumizi ya sumaku kutuliza maumivu. Mjasiriamali anayetangaza tiba anaweza kumfanya mgonjwa aache dawa zake. Aidha, anajiingiza katika masuala yanayosimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Mwenye kifaa cha moyo kilichopandikizwa kifuani aelezwe wazi kwamba sumaku isikaribie hapo.

Hatari kubwa zaidi ni kwa watoto. Mtoto akimeza sumaku mbili, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Kwa sababu hiyo, mwaka 2022 Marekani iliweka kanuni inayobana uuzaji wa sumaku ndogo zenye nguvu, zikiwemo zilizo huru kwenye mapambo. Bangili iliyoundwa kwa gololi tupu za sumaku, zinazoshikana bila uzi, isitengenezwe kabisa. Jozi moja iliyofukiwa ndani ya pembe inatosha, na bangili za watoto zifungwe kwa kamba.

Mtaji na mpaka

Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kinaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. SIDO mkoani Kigoma nayo ni mahali pa kuulizia mafunzo.

Kwa anayelenga Burundi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Sharti ni kwamba bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Jumuiya na iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Kwa kuwa sumaku hutoka nje, ni busara kuwauliza maofisa wa forodha Manyovu kabla ya kufunga mzigo.

Anayeanza hahitaji kuagiza sumaku 1,000. Jozi 10 zinatosha kutengeneza bangili 10, kuwavalisha majirani kwa mwezi mmoja, na kuhesabu ngapi zimerudi zikiwa nzima. Idadi hiyo ndiyo itakayomwambia kama ni wakati wa kugusa fedha za kahawa.