Picha za Mtaani: Tuzikosoe kwa Adabu, Tukosolewe kwa Moyo Mkunjufu

Katika mitaa ya mashariki ya jiji la Nairobi, ile ijulikanayo kwa jina moja la Eastlands, vijana wengi siku hizi hutoka na simu mkononi kwenda kupiga picha. Hupita Gikomba penye marobota ya mitumba, wakaingia Eastleigh penye maduka ya vitambaa, wakasimama Buruburu kuzipiga picha matatu za nambari 58 zilizopakwa rangi za kila namna. Hawalipwi kwa kazi hiyo. Wanaifanya kwa mapenzi tu. Jioni picha hizo huingia katika kundi la WhatsApp la jamaa, zikapokewa na mashangazi na wajomba walioko Mombasa, Malindi na Lamu. Majibu kwa kawaida huwa ya namna mbili: ama "Mashaallah, nzuri sana", ama kicheko na kejeli. La kwanza halimfunzi kijana kitu, na la pili humvunja moyo.

Twaona kuwa liko jibu la tatu, nalo ni ukosoaji wenye adabu. Jibu hilo lina taabu yake, kwani lataka mtu atazame kwa makini kabla ya kusema. Lakini ndilo lenye manufaa, na wazazi hatuna budi kujifunza kulitoa.

Kwanza tusidhani kwamba jambo hili ni la mchezo. Marehemu Mohamed Amin, Mwislamu aliyezaliwa Eastleigh mwaka 1943, alianza kupiga picha angali mwanafunzi. Mwaka 1978 kilichapishwa kitabu chake cha picha za Hija, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliamsha dunia nzima kutoa msaada. Alifariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka karibu na Visiwa vya Ngazija. Basi kijana wa mtaa huo huo atuleteapo picha leo, hatujui Mwenyezi Mungu amemwekea nini mbele yake.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1997, huko Mathare, mpiga picha Lana Wong akishirikiana na chama cha michezo cha vijana, MYSA, aliwapa wavulana na wasichana 31 kamera za plastiki za bei nafuu ili waupige picha mtaa wao wenyewe. Kazi yao ilikuja kutoka katika kitabu na katika maonyesho. Mitaa kama ile ilikuwa imezoea kupigwa picha na wageni waliokuja kutafuta uchafu na huzuni. Watoto wa pale waliyaona na mengine: michezo, kazi za nyumbani na nyuso za jamaa zao. Hapa tunapata swali la kwanza la kumwuliza mpiga picha: je, umewaona watu hawa kama wanavyojiona wenyewe, au umeona dhiki yao peke yake?

Sasa tutazame namna ya kukosoa. Tuseme binti yetu ametuletea picha ya mama auzaye mahamri alfajiri, kando ya barabara ya Eastleigh. Tukisema "mbaya", tumemnyima elimu. Tukisema "nzuri", tumemnyima vile vile, na wahenga walikwishatuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yafaa tuanze kwa kumwambia tulichokiona: kwamba mwanga wa jiko umeangaza viganja vya mama yule, na jicho letu limekwenda hapo kwanza. Kisha tumwonyeshe kasoro moja au mbili, kila moja na sababu yake. Mlingoti wa umeme ulioko nyuma waonekana kana kwamba umemwota mama kichwani. Lau angesogea hatua mbili kushoto, ungetoka. Nusu ya picha ni lami tupu. Lau angekaribia kwa miguu yake badala ya kuivuta picha kwa simu, uso wa mama ungeonekana wazi zaidi. Maneno hayo yanahusu picha, hayamhusu binti. Hakuna aliyemwita mvivu wala mjinga, na kesho akitoka anajua la kufanya.

Adabu hii si ngeni kwetu. Mtume (S.A.W.) alimfananisha muumini na kioo cha muumini mwenzake, na kioo humwonyesha mtu doa lake bila ya kumtangaza sokoni. Surat al-Hujurat imetukataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na Imam Shafi, ambaye wengi wetu wa pwani twafuata madhehebu yake, amepokewa akisema kuwa amwonyaye nduguye faraghani amemnasihi, na amwonyaye hadharani amemfedhehesha. Kwa hiyo sifa na zitolewe mbele ya jamaa wote. Kasoro apelekewe kijana mwenyewe, katika ujumbe wake peke yake.

Hata hivyo, liko jambo moja litangulialo mwanga na mpangilio wote, nalo ni haki ya yule aliyepigwa picha. Mpiga picha yupo na mkosoaji yupo, lakini yeye hayupo kujitetea. Fikirini mtaa wa Majengo kule Pumwani. Wenyeji wake wa kale walijenga nyumba za Kiswahili, zenye ukumbi wa kupita katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Mtu wa Mombasa akiingia hahitaji kuelekezwa. Na ajua vile vile kuwa barazani ni pa watu wote, lakini ukivuka kizingiti umeingia katika sitara ya wenyewe. Huenda mlango ukawa wazi, na ndani akaonekana mama akianika nguo, mtandio umemtoka kichwani, mwanga wa jua ukimwangukia vizuri mno. Picha hiyo yaweza kuwa nzuri kuliko zote. Pamoja na uzuri wake, tukiletewa hatutaisifu, wala hatutaituma kwa mwingine. Tutauliza: je, ameridhia? Ikiwa hakuridhia, mkosoaji mwema husema ifutwe, na humweleza kijana sababu yake kwa upole.

Sheria za nchi nazo zaelekea huko huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, imempa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imeweka ridhaa ya mzazi au mlezi kuwa sharti katika kushughulika na taarifa za mtoto, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila ya ridhaa hiyo. Tuwafunze vijana wetu kuomba ruhusa, kuonyesha picha waliyoipiga, na kukubali wanapokataliwa. Mwenye duka aliyeombwa kwa salamu na tabasamu mara nyingi hukubali. Na aliyepigwa kwa kuviziwa ana haki ya kukasirika.

Kukosolewa nako kuna adabu yake. Kijana akiambiwa kasoro, asiharakishe kujitetea kwamba jua lilikuwa kali au watu walikuwa wakipita. Picha haitembei na mwenyewe kuieleza. Mtazamaji ataona kilichomo tu. Na asikilize, aulize pale asipoelewa, kisha arudi mtaani aipige tena. Si kila neno ni la kufuatwa: mmoja aweza kupenda rangi, mwingine asizipende. Lakini watu watatu wakitaja kasoro moja, bila ya kuambiana, hiyo yataka kuangaliwa.

Na hapa tuna neno kwa wazazi wa mabinti. Mvulana akichekwa na jamaa huenda akaendelea kwa ukaidi. Binti mara nyingi huiweka simu chini na tusizione tena picha zake. Tukimwogopea njiani, tumpe ndugu au rafiki wa kufuatana naye. Yako mengi awezayo kuyaona yeye ambayo mpiga picha wa kiume hataruhusiwa kuyakaribia, na nyanya zetu wa Majengo watamfungulia mjukuu wao mlango wasiomfungulia mgeni.

Basi wiki hii, kijana akituma picha kumi, mwambieni achague tatu, kwani kuchagua ni nusu ya kujifunza. Mwulizeni kwanza kama waliomo wameridhia. Mwambieni mlichokiona, kisha kasoro moja na sababu yake, kisha mwulizeni atatoka lini tena. Mwenyezi Mungu atujaalie macho yenye staha na ndimi zenye kujenga. Wabillahi tawfiq.