Shoka, Gongo na Kivuli: Kijana Ajifunzaye Peke Yake

Ukitaka kujua kama mkata-miti ni fundi kweli, usimtazame mikono, utazame mti. Katika vilima vya Bulengera, hapa Butembo, mikaratusi hukatwa kwa ajili ya mbao, kuni na makaa. Mkataji hodari huacha kidonda kimoja shinani, safi, kama mdomo uliofunguka, na vipande vinavyoruka ni vikubwa. Mwanafunzi wake huacha alama kumi, moja juu, moja chini, na jasho lake ni jingi kuliko la mwalimu. Mti haumpendelei mtu wala haumwonei. Humpa kila mmoja jibu la kazi yake papo hapo, pasipo maneno.

Twaanza na shoka kwa sababu twataka kuzungumza na vijana wetu juu ya mchezo ambao wengi wao wameuona katika sinema tu, nao ni besiboli. Kwa ufupi mchezo wenyewe ni huu: mrushaji husimama mita 18.44 mbali na mpigaji, hutupa mpira mdogo mgumu wenye uzito wa gramu 142 hadi 149, naye mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo la mviringo. Akiupiga vema hukimbia kuzunguka vituo, mpaka arudi alipoanzia. Haya yatosha kwa leo. Kwetu sisi mpira ni ule wa miguu, wala hatukusudii kuuondoa mahali pake. Lakini ng'ambo ya Kasindi, kwa jirani zetu wa Uganda, besiboli imekwisha kupiga hodi na kukaribishwa ndani. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda haki ya kwenda kwenye mashindano makubwa ya watoto huko Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Mwaka uliofuata walikwenda watoto wa Lugazi, mji ulio katika barabara ya Kampala kwenda Jinja. Hao ndio waliokuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko, nao wakaifunga timu ya Oregon kwa 3 kwa 2. Mwaka 2022 vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, waliandikwa na timu kubwa ya Los Angeles Dodgers.

Na yuko mwingine, ambaye habari zake zatupeleka moja kwa moja katika shabaha yetu. Dennis Kasumba wa wilaya ya Wakiso, aliyelelewa na bibi yake, alijizoeza kwa matairi makuukuu na vitu vya kuokota, katika viwanja vya matope. Mazoezi hayo yalipigwa picha, na sinema zake fupi zikaenea duniani. Mwaka 2023 aliitwa Maryland kuchezea Frederick Keys, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuchaguliwa na timu kubwa. Watu wengi waliziona sinema zile wakasema, "Tazameni bidii!" Kweli, bidii ilikuwapo. Lakini sisi twataka kuuliza swali jingine: mtu asiye na uwanja wala wenzake, ajuaje kama anaendelea mbele au anazunguka palepale?

Swali hili si la mchezo tu kwa watu wa kwetu. Tangu mwaka 2014 mauaji yamewatesa wenyeji wa Beni na vijiji vyake, na jamaa nyingi zimekimbilia Butembo. Mtoto aliyehama hivyo ameacha shule, timu na rafiki. Mara nyingi kilichobaki mkononi mwake ni mwili wake na ua wa nyumba aliyokaribishwa. Kama haiwezekani kujifunza peke yako, basi huyo amefungiwa mlango wa pili.

Natutazame kwanza kazi yenyewe ya kupiga. Wengi hudhani nguvu ya gongo hutoka mikononi. Sivyo, wala nguvu ya shoka haitoki huko. Mkata-miti hukaza miguu, huzungusha kiuno, kisha mabega hufuata, na mikono huja mwisho. Akitumia mikono peke yake, kabla ya adhuhuri atakuwa amekaa chini ya mti anaotaka kuukata. Mpigaji vilevile. Husimama miguu ikiwa imeachana kupita kidogo upana wa mabega, magoti yamelegea, mikono karibu na bega la nyuma. Uzito wake huegemea mguu wa nyuma. Kisha hupiga hatua ndogo kumwelekea mrushaji. Kisigino cha mbele kikisha kukanyaga, nyonga hufunguka. Baada ya nyonga, kifua. Baada ya kifua, mikono. Na gongo ndilo la mwisho kufika, kama ncha ya mjeledi. Mpangilio huu ukivunjika, hasa mikono ikiitangulia nyonga, nguvu yote ya miguu hupotea njiani.

Iko tofauti moja na shoka, nayo yafaa kukumbukwa. Mti umesimama, mpira unakuja, tena unakuja ukishuka, kwa maana mrushaji husimama juu ya kichuguu cha sentimita 25 na mpira wenyewe huvutwa chini na uzito wake. Kwa hiyo Ted Williams, Mmarekani ambaye mwaka 1941 alipata mipigo mizuri 406 kwa kila zamu 1,000, alifundisha kwamba gongo lipande kidogo ili likutane na mpira katika njia yake. Walimu wengi wa zamani walisema lishuke. Sisi twamwamini Williams, maana vitu viwili vinavyofuata mstari mmoja vina nafasi kubwa ya kukutana kuliko vinavyokatana.

Mrushaji wa timu kubwa aweza kuutupa mpira kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa. Hapo mpigaji ana kama sehemu nne za kumi za sekunde tangu mpira utoke mkononi hadi umfikie, na kulizungusha gongo peke yake hula kama sehemu 15 za mia za sekunde. Hakuna nafasi ya kufikiri juu ya nyonga. Mwili lazima uwe umekwisha jua.

Na hapa ndipo hatari ilipo. Watu husema mazoezi ndiyo mwalimu. Tazama mtoto anakili mwandiko. Mstari wa kwanza aufuata mfano wa mwalimu ulio juu ya ukurasa. Mstari wa pili hali kadhalika. Kufika wa tano haangalii tena juu. Anaunakili mstari wake mwenyewe wa nne, na kosa dogo la mkia wa "g" limekuwa kubwa, tena limezoeleka. Ukurasa umejaa, mtoto amechoka, na mwandiko umeharibika kuliko alipoanza. Kijana azungushaye gongo mara 300 kila jioni bila kitu cha kumsahihisha afanya vivyo hivyo. Anaukaza mwili katika kosa. Naye hawezi kulihisi, kwa kuwa mwili hukiona kilichozoeleka kuwa ndicho kilichonyoka.

Basi anayejifunza peke yake hahitaji bidii tu. Ahitaji hakimu asiyempendelea, kama ule mti wa mkaratusi.

Mjapani Sadaharu Oh, aliyepiga mipira 868 ya kuzunguka vituo vyote kati ya mwaka 1959 na 1980, alizoezwa na mwalimu wake Arakawa kukata kwa upanga ukanda wa karatasi uliotundikwa darini. Upanga ukipita sawasawa, karatasi hukatika. Ukipinda, karatasi husogea kando tu. Hakuna cha kubishana nayo.

Sisi hatuna haja ya upanga. Tairi kuukuu lililofungwa imara kwenye nguzo latosha: pigo la mwili mzima hutoa mlio mzito na kulisukuma tairi nyuma, pigo la mikono hutoa mlio mwembamba, na maumivu huja katika vifundo. Kisha chukua mpira wa matambara yaliyokazwa kwa kamba, uuweke juu ya kijiti chenye kimo cha kiuno, uupige na uangalie waendako. Kwa atumiaye mkono wa kulia, mpira ukibingirika chini upande wa kushoto kila mara, gongo limewahi mno na kuugonga utosini. Ukipanda juu kama moshi na kuanguka karibu, limeupiga tumboni. Ukienda mbele moja kwa moja kama kamba iliyovutwa, hapo umepata, nawe jiulize umefanya nini.

Hakimu wa tatu hana bei. Sisi wa Butembo twakaa karibu sana na mstari wa ikweta, na jua letu huchomoza na kuchwa karibu saa zilezile mwaka mzima. Asubuhi mapema lipe jua mgongo, ili kivuli chako kilale mbele yako, kirefu. Weka jiwe mahali kilipoangukia kivuli cha kichwa. Sasa zungusha gongo polepole, macho kwenye jiwe. Kichwa cha kivuli kikilikimbia jiwe na kumfuata mrushaji, umekwisha jua kosa lako: unauangusha mwili mbele badala ya kuuzungusha juu ya mguu wa mbele uliokazwa. Na kichwa kikihama, macho nayo huhama, na mpira huonekana kama unaruka.

Simu ndiyo hakimu wa nne, kwa aliye nayo au awezaye kuazima ya kaka yake. Mwaka 1983 Tony Gwynn wa San Diego Padres alipoona mapigo yake yamepotea, alimwomba mkewe, aliyekuwa nyumbani, ampigie picha michezo katika televisheni kwa mashine ya kanda. Akaitazama mwenyewe, akaliona kosa. Tangu hapo hakuziacha kanda. Alibeba mashine zake safarini, na wachezaji wenziwe wakamtania. Alikuwa mpigaji wa kwanza wa ligi yake katika miaka minane, na mwaka 1994 alipata mipigo mizuri 394 kwa kila zamu 1,000.

Lakini simu ina ujanja wake. Kwa picha 30 kwa sekunde, pigo zima hupata picha nne au tano tu, na penye kosa huwa hapana picha. Simu yenye uwezo wa picha 240 kwa sekunde hukupa 36. Iegemeze kwenye jiwe, mara moja mbele ya kifua chako, mara moja nyuma yako. Kisha utazame jambo moja tu: je, nyonga imetangulia mikono? Usitazame sura yako. Andika katika daftari ulichoona, kwa sentensi moja, na kesho ubadili hicho tu. Anayebadili mawili kwa siku moja hatajua lipi lililomponya na lipi lililomdhuru. Mapigo 30 yaliyotazamwa hivi twayapenda kuliko yale 300.

Kazi hii ina mpaka. Julius Yego wa Nandi, Kenya, alijifunza kutupa mkuki kwa kutazama katika intaneti sinema za mabingwa wa Ulaya, hata akashinda michezo ya Afrika huko Maputo mwaka 2011. Baadaye alikwenda Kuortane, Finland, akapata mwalimu. Mwaka 2015 huko Beijing aliutupa mkuki mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Kasumba naye hakuwa bila msaada. Mwalimu wake nyumbani alikuwa Paul Wafula. Tena mkuki hungoja mkononi mwako, lakini mpira wa besiboli hutupwa na mtu anayetaka kukudanganya, na kivuli hakikufundishi kudanganywa.

Kwa hilo mwite dada yako au mdogo wako. Watoto wa Jamhuri ya Dominika, nchi iliyotoa wapigaji wengi mashuhuri, hutupiana vifuniko vya madumu ya maji na kuvipiga kwa mpini wa ufagio. Kifuniko huyumba hewani, huzama, hupinda. Ukikikosa hakivunji dirisha la jirani. Asimame hatua kama nane kutoka kwako, atupe ishirini, kisha mbadilishane, naye ashike mpini.