Mtoto Chekechea, Mama Kwenye Cherehani

Saa nne asubuhi kengele ya chai inapolia kwenye chuo cha maendeleo ya wananchi, si wote wanaokimbilia kantini. Wapo wanaoacha cherehani, wakafunga kanga vizuri na kuelekea chumba cha jirani chenye mikeka na midoli. Mtoto ananyonya, anabembelezwa, anarudishwa kwa mlezi. Mama anarudi kumalizia kola ya shati.

Vyuo hivi viko 54 Tanzania. Vilianza mwaka 1975, enzi za Mwalimu Nyerere, kwa kuiga shule za wananchi za Sweden, na vilikusudiwa watu wazima walioishia darasa la saba. Ushonaji, uashi, useremala, umeme, kilimo: fani ni zilezile za vyuo vya ufundi stadi vya VETA, ila jina halivumi. Wazazi wengi wa mjini hawajui hata kama vipo.

Waliovihitaji kuliko wote ni wasichana waliokatiza shule kwa ujauzito. Juni 2017, akihutubia mkoani Pwani, Rais John Magufuli alitamka kwamba katika uongozi wake mwanafunzi aliyezaa hatarudi shuleni. Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza kuwa sasa ruksa kurudi.

Ruksa ni jambo jema, lakini hailei mtoto. Nani atabaki naye, bibi naye anashinda shambani? Na binti wa miaka 19 ataketi vipi dawati moja na wadogo zake wa kidato cha pili?

Programu ya Elimu Haina Mwisho, inayoendeshwa ndani ya vyuo hivi, inajibu maswali hayo. Msichana anasoma masomo ya sekondari kwa miaka miwili badala ya minne, huku akijifunza fani na ujasiriamali, na mtoto wake yuko chekechea ya chuo, hatua chache tu kutoka darasani.

Kazi ngumu inaanza siku ya kuhitimu, maana fundi bila cherehani ni fundi wa maneno. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wanawake na vijana hupewa kwa vikundi. Binti aliyerudi kijijini peke yake, wenzake wa darasani wametawanyika wilaya tofauti, hana budi kwanza kuwatafuta wa kuungana nao.